F3 kwenye oveni: anza na sensa, bodi baadaye

Dada, oveni ikiandika F3 na kulia hata baada ya kuzimwa na kuwashwa, kwa modeli nyingi tatizo ni sensa ya joto au waya zake. Thibitisha kwenye kitabu chake, maana kila kampuni ina kodi zake za hitilafu. Tafadhali usikubali fundi aanze kwa kukuuzia bodi, yaani saketi inayoongoza oveni.

Zima breka ya jiko kwenye meinswichi na uache oveni ipoe kabisa. Sensa ni kijiti chembamba cha chuma ndani, ukuta wa nyuma, kwa juu, mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili. Kivute taratibu, tenganisha soketi, pima omu (ukinzani wa umeme) kwa multimita. Nyingi ni za platinamu: omu 1000 kwenye nyuzi 0, na huongezeka karibu 3.9 kwa kila nyuzi. Kwa joto letu la nyuzi 30 unatarajia kama 1117. Mita isiposoma kitu, sensa imekatika ndani. Ikisoma karibu na 0, ina shoti. Badilisha.

Ikisoma vizuri, kagua pini za soketi. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, chumvi huzila hadi zikaota kutu ya kijani, na bodi hupokea kipimo cha uongo. Zisugue mpaka zing'ae.

Ukienda Kariakoo beba sensa ya zamani na namba ya modeli. Zipo za omu 500 zinazofanana nazo kwa macho, na hazibadilishani.