Fokasi ya Zenit-E usiku: tochi kabla ya kikuzio

Wa alaykumus-salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba picha ulizopiga usiku Forodhani kwa Zenit-E, kamera ya filamu, yenye lenzi ya Helios 44-2 zimetoka na nyuso zilizofifia ilhali ukuta wa nyuma umetoka mkali, na unauliza iwapo ununue kikuzio cha kubandika kwenye kitundu cha kutazamia. Kwa kuwa ukuta umetoka mkali, mkono wako haukutikisika; kilichokosewa ni fokasi. Hata hivyo, kikuzio usikinunue kwanza, kwa sababu hukuza taswira bila ya kuongeza mwanga hata chembe, na kilichokuwa kiza kitabaki kiza.

Zenit-E yangu, kama zilivyo nyingi, haina lile duara la katikati linaloikata taswira nusu mbili. Ina kioo cha ukungu kitupu. Hakikisha basi kwamba ringi ya tundu (ile inayopanua na kubana uwazi wa lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) imefunguliwa hadi 2 unapotazama, kwani lenzi hii haijifungui yenyewe, na ukiisahau kwenye 8 utakuwa unatazama kwa mwanga uliopungua mara 16.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilipiga picha za nikahi ya binamu yangu Wete, umeme ukakatika baada ya magharibi, tukabaki na karabai moja. Katika picha 36, zilizofaa hazikuzidi tano. Lenzi ya milimita 58 ikiwa imefunguliwa hadi 2, na mtu akiwa umbali wa mita 3, kinachotoka kikali ni kina cha kiasi cha sentimita 30 tu, yaani shibiri moja na kitu, na bwana harusi akiinama kumpa mkono kadhi huwa ameshatoka humo.

Tangu hapo sikosi tochi ndogo mfukoni. Humwomba ninayempiga picha aishike kifuani ikinielekea, nikazungusha ringi ya fokasi hadi nukta ya mwanga iwe ndogo kabisa, nikaipita kidogo na kurudi, kisha tochi ikazimwa na ringi nisiiguse tena. Usipotaka kumsumbua mtu, tafuta kitu kinachometa kilicho umbali sawa naye. Misumari ya shaba ya milango ya Mji Mkongwe hufaa zaidi kuliko mbao zenyewe.

Kwenye maulidi, ambako tochi ni utovu wa adabu, hutumia uzi wenye fundo kila nusu mita, nikapima kabla watu hawajakaa na kuweka umbali huo kwenye namba za lenzi. (Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kama nimekuja kupima kiwanja.) Anza kupima pale ilipo filamu, nyuma ya kamera, wala si kwenye mdomo wa lenzi.

Ukija kupata kamera yenye duara lililokatwa, tafuta mstari unaoukata mpasuo wake, kama ukingo wa nguzo, na usiiwekee lenzi ambayo tundu lake kubwa kabisa ni 5.6 au dogo zaidi, kwani nusu moja ya duara itakuwa nyeusi hata mchana.