Fulana yako si tambara la deki

Juzi dada mmoja wa Morogoro alinitumia picha ya gauni la mwanawe, kalishona kwa fulana mbili za baba mtoto. Pindo limejaa mawimbi kama bati, na begani, kando ya mshono, vijitundu vimejipanga mstari. Akaandika: "Dada, nimeharibu. Nimetupa mkasi." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana gauni la namna ile nalijua. Nilishona la kwangu mwaka 2016.

Mwaka ule kabati letu lilikuwa limejaa fulana za kampeni za uchaguzi wa 2015, za semina za mume wangu, na moja ya msiba wa mjomba. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu, nguo zote zimembana, na Idi ndiyo hiyo inabisha hodi. Hela ya kwenda Kariakoo haikuwepo. Nikaifuta vumbi cherehani ya marehemu mama, Butterfly ya miguu, nikakata fulana, nikashona usiku kucha.

Siku ya Idi wifi yangu akalishika lile pindo kwa vidole viwili mbele ya wageni, akauliza, "Hili si tambara la deki?" Watu wakacheka. Mwanangu naye akacheka, hakuelewa. Mimi nikaenda jikoni kujifanya naangalia pilau. Neno lile sijalisahau, na sitawadanganya kwamba nimelisamehe lote.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Ilala. Alinipa kipande cha kanga na kipande cha fulana, akaniambia nivivute. Kanga ni nyuzi zinazopishana. Fulana ni vitanzi vilivyoshikana, kama sweta, ila ni vidogo mno. Sindano yenye ncha kali hukata kitanzi, na nguo ikivutwa tundu linafunguka. Kwa hiyo nunua sindano ya vitambaa vinavyovutika, ile yenye ncha butu. Mwambie muuzaji hivyohivyo, atakuelewa.

Mawimbi nayo yanatoka mikononi mwako, dada. Unakivuta kitambaa. Kinashonwa kikiwa kimetanuka, uzi unakishikilia hapohapo, hakirudi tena. Acha meno ya cherehani, yale ya chini ya sindano, yakisogeze yenyewe, wewe kiongoze tu. Usivute. Kikikusumbua, weka chini yake ukanda wa karatasi ya daftari, shona juu yake, kisha uichane taratibu. Gazeti liache, wino wake huchafua fulana nyeupe. Na ukikata, ule upande unaovutika zaidi uzunguke mwili, usishuke chini.

Cherehani yenye zigizaga, mshono wa kwenda kushoto na kulia, ni bora, kwa sababu mshono huo unavutika pamoja na nguo. Butterfly yangu inashona mstari ulionyooka tu, na gauni la kwanza lilikatika uzi shingoni mtoto alipopitisha kichwa. Tangu hapo shingo ya kiwandani siigusi. Naikata fulana ya mtu mzima kwa namna ambayo pindo lake la chini linabaki kuwa pindo la gauni. Kazi nusu imeshafanywa.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Wiki iliyopita alitoka na sketi niliyomshonea kwa fulana tatu, na rafiki zake wawili wameniletea fulana zao. Nimefurahi, nasema wazi. Jamani, tusikubali kuaibishwa kwa kuwavisha watoto wetu kwa mikono yetu. Pamba ile ni nzima, na mikono unayo.

Wewe wa Morogoro, uokote mkasi. Mabega yafumue, yakate chini kidogo ya vile vijitundu ili vyote vitoke, ushone upya kwa sindano mpya. Pindo usihangaike kulifumua. Likate lote, tafuta fulana ya tatu, uchukue pindo lake.