Kundi la wateja: anza na watu kumi na wawili

Wewe unayetaka kufungua kundi la WhatsApp la wateja wako, sikia kwanza kosa langu. Usiku mmoja nilichukua daftari la duka langu la vitenge, Kariakoo, nikaingiza namba zote 240 bila kumuuliza mtu. Kulipokucha watu kibao walishatoka, na mama mmoja kaniachia ujumbe: "Mwanangu, namba nilikupa unipigie mzigo ukifika, siyo uigawe." Sikuwa na jibu. Kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake, na jamaa mmoja alishaanza kuwafuata akina dada inboksi akiwauzia dawa za kupunguza mwili. Siku hizi kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inatumika tangu Mei 2023. Omba ruhusa.

Nikalifuta, nikaanza upya na mafundi cherehani 12, kila mmoja nikimpigia kwanza. Nikawaambia tunajaribu wiki tatu. Wiki ya kwanza niliweka picha za mzigo na bei: kimya. Ya pili nikauliza kitambaa gani kimewasumbua. Simu ikaanza kulia mfululizo. Fundi wa Mbagala akatuma picha ya mkono wa gauni uliojikunjakunja kwenye mshono. Kabla sijajibu (na nisingejua nijibu nini, mimi nauza tu), mwenzake wa Tabata akatuma sauti: "Uzi wa juu umebana, legeza. Na hiyo sindano butu, itupe, weka namba 14." Nusu saa baadaye ikaja picha nyingine, mshono umelala.

Wiki ya tatu nikanyamaza makusudi siku nne. Kipimo hiki nakiamini kuliko idadi ya wanachama: ukinyamaza, wanaongea? Siku ya pili waliongea. Siku ya tatu mmoja akauliza mwenye duka yuko wapi, anataka yadi sita.

Kama wateja wako hawana la kuambiana wao kwa wao, usilazimishe kundi. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list: unatuma mara moja, kila mtu anaupata peke yake), ingawa ujumbe humfikia aliyehifadhi namba yako tu.

WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi moja. Mimi niko 86, naongeza wawili watatu kwa wiki, wale wanaoletwa na mafundi wenyewe. Bei za jumla naweka Jumatatu tu, saa mbili usiku, cherehani zikishafunikwa.