Bogenvilia ya Chungu Ichanue Tena Baada ya Majira ya Baridi

Mombasa bogenvilia hupandwa ukutani ikaachwa ijitafutie maisha, lakini hapa Hamburg yangu huishi kwenye chungu, na lazima niiingize ndani kabla jalidi haijaanza. Mwaka wa kwanza niliidekeza: niliiweka sebuleni kando ya hita na kuimwagilia maji kila nilipoikumbuka, nayo ikatoa vitawi virefu, vyembamba, vilivyopauka. Kiangazi kilichofuata kilipita bila ua hata moja.

Joto bila mwanga ndilo lililoniponza. Siku hizi huiacha ipumzike kwenye ngazi za jengo letu, karibu na dirisha, penye nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi, na huipa kikombe kimoja tu cha maji kila baada ya wiki tatu hivi. Majani hupukutika karibu yote. Jirani aliwahi kuniuliza kwa nini ninahifadhi kuni kwenye chungu. Ukiingiwa na wasiwasi, kwangua gome kidogo kwa ukucha, na ukiona kijani chini yake, mmea ungali hai.

Mwezi Machi huvaa glavu nene, kwa maana miiba yake haina huruma, nikaipogoa bila kuionea haya. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo kila kitawi cha mwaka uliopita hubakizwa vifundo viwili au vitatu tu. Chungu sikibadilishi ovyo, kwani bogenvilia huchanua vizuri zaidi mizizi yake ikiwa imebanana kidogo.

Kuitoa nje nako kuna wakati wake. Wakulima wa Ujerumani husubiri zipite siku ambazo jalidi huweza kurudi, wanazoziita za Watakatifu wa Barafu, ambazo humalizika tarehe 15 Mei, nami nimejifunza kuwasikiliza. Wiki ya kwanza hukaa kivulini, maana majani yaliyochipulia ndani huungua upesi, kisha huhamia kwenye ukuta unaotazama kusini, ipate jua la saa sita au zaidi kwa siku.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi hunenepesha majani tu, kwa hiyo hutumia ile ya nyanya, yenye potasiamu, kila baada ya wiki mbili. Maji huipa udongo wa juu ukishakauka kabisa. Vijani vidogo vya ncha za matawi vikianza kuwa vyekundu, weka mkasi mbali: hivyo ndivyo tunavyoviita maua, ilhali ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati yake.