Saa 72 kwa Maji Matupu, Kisha Chapati Moja

Kwa saa 72 sikutia kitu mdomoni ila maji na chumvi kidogo, na nilizimaliza nikiwa nimesimama wima. Kilichonilaza kwenye sakafu ya bafu ni chapati na madondo (maharagwe), hata saa moja haijaisha tangu nifungue. Ndiyo maana ukiniuliza habari za mfungo wa maji sianzi na njaa. Naanza na kufungua, maana huko ndiko wengi wetu tunaharibu.

Mama jirani hana kosa. Dirisha la jikoni kwake hapa Umoja linatazamana na langu, na siku tatu nzima alikuwa hasikii sufuria ikigongwa kwangu. Jumapili jioni akabisha hodi, mkononi sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. "Chukua mama, usijiue." Mpango wangu ulikuwa nusu kikombe cha supu ya mifupa, kisha kipande cha papai, na supu ilikuwa tayari jikoni. Lakini chapati ile ilikuwa bado moto, tabaka zinajiachia zenyewe, mafuta yanametameta pembeni. Nikajiambia nusu tu. Nusu ikaita mwenzake. Baada ya hapo tumbo lilijifunga fundo, jasho baridi likanitoka, na mengine nakuachia uyajaze mwenyewe.

Kwangu yaliisha kwa saa mbili. Kwa mtu aliyefunga siku nyingi zaidi, au aliyeanza akiwa mwembamba na dhaifu, kula ghafla kunaweza kuua. Wanga ukiingia kwa kishindo, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hupanda, na fosfati, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli. Damu hupungukiwa na madini hayo, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Jambo hili lilionekana wazi mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, 1945, pale mateka waliokuwa wamekaa na njaa kwa muda mrefu walipokombolewa, na baadhi yao wakafa wakiwa tayari wamepewa chakula.

Mfungo wangu huo wa saa 72 ulikuwa jaribio la pili. La kwanza lilidumu siku moja na nusu na likaishia kwenye matatu. Nilikuwa nimeanza Jumatatu bila maandalizi yoyote, nikiamini maji ni maji. Jumanne jioni nikainuka kwa haraka ili nishuke Mutindwa, giza likanifunika, nikamkalia mzee wa watu mapajani. Makanga akauliza kama nimelewa saa hizo. Nilicheka kesho yake, si siku hiyo. Siku za mwanzo za mfungo, insulini ikishuka, figo hutoa chumvi na maji kwa wingi kupitia mkojo, kwa hiyo ukisimama ghafla presha inaanguka. Ukizidisha maji matupu kwa kudhani ndiyo dawa, unaipunguza chumvi ya damu hata zaidi, na hiyo nayo ni hatari.

Mara ya pili nilipita kwanza kwenye kliniki ya mtaani. Daktari akanipima presha na sukari, akaniuliza kama nina mimba, kama nanyonyesha, kama natumia dawa yoyote, kama nina vidonda vya tumbo au jongo (gauti). Anayetumia dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari hadi azimie, na mwenye jongo huamshiwa maumivu kwa sababu asidi ya yuriki hupanda mtu akifunga. Mpango wangu hakuupenda, na alisema hivyo. Akanipa masharti: siku tatu zisizidi, chumvi kidogo kwenye maji kwa kuwa presha yangu haiko juu, na nikiona moyo unadunda ovyo au nikizimia, mchezo umekwisha.

Kuna kitu ambacho hakuna aliyeniambia, nacho ni chai. Mimi ni wa vikombe vinne kwa siku. Kichwa kilichonigonga Ijumaa mchana nilidhani ni njaa, kumbe ni kafeini inadai haki yake. Ukitaka kufunga, anza kupunguza majani wiki nzima kabla. Na usichague Julai kama mimi. Baridi ya Nairobi tunaijua, lakini ukiwa hujala inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilivaa soksi mbili na sweta kitandani, na bado usingizi ulikuja kwa vipande.

Siku ya pili ndiyo mlima. Akiba ya sukari kwenye ini huisha kwa takriban siku moja, mwili unahamia kwenye mafuta, na kabla haujazoea unakuwa mtu wa kuudhika na kila kitu. Jumamosi usiku mdogo wangu aliyekuja kulala kwangu akanusanusa hewa, akauliza, "Dada, unaondoa rangi ya kucha?" Sikuwa na rangi yoyote. Ilikuwa pumzi yangu, harufu ya asetoni. Siku ya tatu njaa ilipotea kabisa, nikawa mwepesi na mpole. Maono sikuyaona.

Shemeji yangu alikuwa akinitumia video kwenye WhatsApp kwamba kufunga kunatibu kila kitu, eti kuna Mjapani alipewa Nobel. Kweli, Yoshinori Ohsumi alipewa 2016 kwa kuchunguza jinsi seli zinavyojisafisha, ila kazi yenyewe aliifanya kwa hamira, ileile jamii ya kuumulia mandazi. Mimi si andazi, nikamwandikia. Hakujibu.

Mizani ilisoma kilo 3.8 pungufu. Wiki moja baadaye 2.5 zilikuwa zimerudi, na hazikunishangaza, kwa sababu kila gramu ya sukari iliyohifadhiwa mwilini hukaa na gramu 3 hivi za maji. Vikiondoka vinaondoka pamoja, na vikirudi vinarudi pamoja.

Nimefunga tena mara moja tangu hapo, saa 48. Safari hii nilimwambia mama jirani mapema. Supu kwanza, kijiko kwa kijiko. Saa moja baadaye, papai. Usiku uji mwepesi wa wimbi bila sukari nyingi. Kesho yake mchana wali kidogo na mchicha. Chapati alinitunzia hadi siku ya tatu, na akakaa kwenye stuli yangu akihesabu ninavyotafuna.