Tiba ya jeni ya Parkinson, tuuze kiwanja?

Swali: Shikamoo dokta. Baba ana Parkinson mwaka wa tisa huu, zamani kidonge cha levodopa kilikua kinamvusha asubuhi nzima, sahivi masaa mawili tu anaganda, mguu haunyanyuki. Kuna mtu katuambia nje kuna tiba ya jeni inaponya kabisa ila hela tunatoa wenyewe. Inafanyaje kazi, na tuuze kiwanja?

Jibu: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kiwanja msiuze.

Levodopa ni malighafi tu, ikifika kwenye ubongo kuna kimeng'enya kinaitwa AADC ndo kinaigeuza kuwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, na hicho kimeng'enya pamoja na akiba ya dopamini vinakaa sana kwenye seli zilezile ambazo Parkinson inaziua, ndo maana kidonge ni kilekile ila hakikai. Sasa aina moja ya tiba ya jeni inachukua kirusi AAV2, wanatoa jeni zake wanapachika ya AADC, daktari anatoboa fuvu na kupitisha mrija mwembamba mpaka sehemu ya ndani ya ubongo inaitwa putameni huku anaangalia kwenye MRI, dawa inaingia taratibu sana. Seli za pale zinaanza kutengeneza kimeng'enya zenyewe. Ila vidonge mzee anaendelea navyo, na seli zinazokufa zinaendelea kufa, kwa hiyo hapo hakuna kupona kabisa.

Na zote bado ziko kwenye majaribio. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jeni nyingine, GAD: waliopewa walipata nafuu asilimia 23.1, na wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, jeni hawakupewa kabisa, nao wakapata 12.7! Kabla ya hapo, mwaka 2010, jeni nyingine tena, ya neurturini, ilishindwa kuupita upasuaji wa kuigiza kwenye kipimo kikuu cha jaribio. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani alichomwa akanyanyuka, muulize kalinganishwa na nani. Na jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mgonjwa hela ya tiba inayojaribiwa, huyo anayewadai mkimbieni.

Kwa sasa andikeni kwenye daftari saa anayomeza kidonge na saa anayoganda, siku kadhaa hivi, mpelekeeni daktari wa neva, mara nyingi dozi inagawanywa upya au inaongezwa dawa nyingine. Levodopa anywe nusu saa kabla ya kula, nyama, maharage na maziwa vinagombania nayo njia ya kuingia mwilini. Na asiache ghafla hata siku moja, ni hatari.