Jibu: Weusi wa ngozi ya kuku wa Silkie na mvua za Tukuyu

Ndugu, umeuliza kama weusi wa ngozi ya kuku wako aina ya Silkie ni ugonjwa, na kama watazimudu mvua za Tukuyu. Weusi huo si ugonjwa. Kuku hawa, ambao asili yao ni China, huwa na ngozi na hata mifupa myeusi, na kila mguu una vidole vitano badala ya vinne vya kuku wetu wa kienyeji.

Mvua ndiyo ya kuangalia. Nyoya la kuku wa kawaida lina vikulabu vidogo mno vinavyoshikanisha nyuzi zake hata maji yakateleza, lakini la Silkie halina vikulabu hivyo, kwa hiyo hubaki laini kama la paka, na likinyeshewa hulowa hadi kwenye ngozi, jambo la hatari hasa baridi ya Juni na Julai inapoingia. Wajengee banda lisilovuja, lenye maranda makavu, na vichanja viwe chini kwa kuwa hawawezi kuruka vizuri.

Wakianza kuatamia, na huatamia mara nyingi kupita kiasi (ndiyo maana mayai yao ni machache), wawekee hata mayai ya bata; watayaangua bila shida.